Sukari ya Duka la Ng'ambo

Mercy Tsofa alikuwa amekutana na watu wagumu wengi. Aliwahi kukaa meza moja na wauzaji wa jumla waliotaka kumbebesha mafuta ya kupikia yaliyokaribia kuharibika, akawatabasamia, akawarudisha walikotoka pamoja na malori yao. Siku baba yake alipomkabidhi uongozi wa maduka yote manne, alisimama mbele ya wafanyakazi wote na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Lakini Jumamosi hii, akiwa amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni na leso mpya kiunoni, aliogopa mifuko miwili ya kijani.

"Mama," alinong'ona. "Mama, njoo uone."

Bi. Dama alikuwa akipanga mahamri kwenye sinia. Hakugeuka.

"Nione nini? Nimekwambia usichungulie. Binti anayeposwa hachungulii."

"Mifuko, Mama. Itazame mifuko."

Bi. Dama alijifuta mikono, akamsogeza bintiye kwa nyonga, akatia jicho kwenye upenyo wa mlango. Wageni walikuwa wanamaliza ngazi zinazopanda kutoka dukani, pale Ndia Kuu, hadi nyumbani ghorofani. Mbele alitangulia Mzee Griffins, mjomba wake Joab, ndani ya suti nzito isiyojua joto la Mombasa. Nyuma yake alikuja Shangazi Awiti, akipumzika kila ngazi. Wa mwisho alikuwa Joab mwenyewe, mposaji, shati jeupe, mfuko mkono huu na mfuko mkono huu. Na juu ya kila mfuko, kwa herufi za manjano ambazo hata mtu aliyesahau miwani angezisoma, palikuwa na jina moja: SABIR.

"Yesu wangu," alisema Bi. Dama. "Kwa Sabir?"

"Mama, sema polepole!"

Jina hilo lilikuwa halitajwi katika nyumba ile. Duka la Sabir lilikuwa Makupa, upande wa pili wa barabara, likitazamana uso kwa uso na duka la kwanza kabisa la Mzee Tsofa, baba yake Mercy. Mzee mwenyewe aliliita "ng'ambo", basi. Wateja wengine walikwenda ng'ambo. Washika fedha wawili, aliowafundisha kazi yeye mwenyewe, walikwenda ng'ambo. Hata paka aliyelelewa stoo kwa maziwa ya duka alivuka barabara siku moja akaenda ng'ambo, na hakurudi. Mzee Tsofa aliwasamehe wateja na washika fedha. Paka ndiye aliyemuuma.

Na leo mifuko ile haikuwa imebeba kitu cha kawaida. Kwao Kaloleni, zamani, mtu akienda kuposa alipeleka mtungi wa tembo la mnazi. Wazee hawakuligusa mpaka binti aitwe, aulizwe mbele ya watu: tunywe? Akikubali wanywe, amekubali kuolewa. Mzee Tsofa alipookoka aliachana na tembo, lakini hakuachana na desturi. Katika nyumba yake waposaji walileta sukari na majani ya chai, na chai ndiyo ikawa tembo. Hivyo ndivyo dada zake Mercy walivyoolewa, wote wawili, kwa sukari iliyonunuliwa katika maduka ya baba yao. Haikuwa sheria. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ingehitaji kuwa sheria.

"Labda hataona," alisema Mercy.

Mama yake alimtazama kwa huruma. "Baba yako? Anayeona pakiti ya chumvi iliyopinda akiwa mlangoni?"

Mercy alifumba macho, akaomba. Halikuwa ombi refu. *Bwana, umenipa mtu huyu nikiwa nimeshaacha kumngoja. Usiniache nimpoteze kwa sukari.*

Kwa kweli alikuwa ameacha kungoja. Wanaume walikuja, tena wengi, na kila mmoja baada ya muda alianza kuuliza habari za maduka: ni mangapi, yako wapi, na mdogo wako yeye ana sehemu gani. Kisha asubuhi moja akaja Joab, karani wa forodha kutoka Kilindini, amekumbatia chupa ya chai aliyoinunua kwao kama mtoto mchanga. Chupa ilikuwa haishiki moto. Mercy alikasirika, akataka kumwita aliyeiuza, akataka kumpa nyingine mbili. Joab alikataa. Alisema yeye ana nyingine nyumbani, amekuja tu kusema, asije mama mwingine akaamka usiku kumpa mtoto uji akaukuta baridi. Kisha alimtazama Mercy na kutabasamu, na Mercy, mkuu wa maduka manne, alisahau alichokuwa amekasirikia.

*

"Hodi, wenyewe!"

"Karibuni, karibuni sana. Piteni ndani, msisimame mlangoni."

Mzee Tsofa alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kando yake alikaa Kadenge, mdogo wake Mercy na msimamizi wa duka la Makupa, mtu mwepesi wa maneno. Salamu zilikwenda na kurudi: habari za nyumbani, habari za afya, habari za kanisa, habari za joto. Shangazi Awiti alipata kiti chenye mto, akashukuru kwa sauti. Kisha Mzee Griffins akasimama, akafunga kifungo cha suti.

"Mzee mwenzangu," alianza, "sisi tumetoka mbali. Tumetoka huko ziwani. Tumepita milima, tumepita mabonde, tumepita mbuga zenye simba..."

"Nilisikia unakaa Magongo, Mzee," alisema Kadenge.

"...tukafika Magongo," aliendelea Mzee Griffins bila kuyumba, "ambako tumepumzika miaka ishirini kabla ya kuja hapa kwenu."

Watu walicheka. Huko jikoni, Bi. Dama alimminya Mercy mkono. Hata Mzee Tsofa alitingishika mabega. Kwa muda huo mdogo mambo yalikuwa mazuri.

"Tumekuja kuomba jiko," alisema Mzee Griffins. "Na hatukuja mikono mitupu. Joab, weka."

Joab aliweka mifuko juu ya mkeka. Jina likawatazama watu wote.

Kicheko kilikatika. Chini barabarani muuza vinyago alisikika akimwita mtalii, na feni ya darini ikaendelea kuzunguka.

"Kijana," alisema Mzee Tsofa.

"Naam, Mzee."

"Mifuko hii umeitoa wapi?"

Shangazi Awiti alifungua mdomo. Joab alimuwahi.

"Nimeileta mimi, Mzee. Kosa ni langu."

"Sikuuliza kosa ni la nani. Nimeuliza imetoka wapi."

"Kwa Sabir, Mzee."

Kadenge alikohoa. Jikoni, Bi. Dama aliweka kiganja mdomoni.

"Mimi nina maduka manne," alisema Mzee Tsofa polepole, bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hapo ulipokanyaga, chini yako, kuna sukari imepangwa mpaka darini. Binti unayemtaka ndiye anayeiuza. Anaamka kabla ya jogoo kwa ajili yake. Nawe unakuja kumposa na sukari ya ng'ambo. Basi niambie, kijana. Sukari ya binti yangu ina nini?"

"Haina kitu, Mzee. Ni nzuri."

"Wewe umewahi kuionja?"

Mzee Griffins alifungua kifungo cha suti alichokuwa amekifunga, akakaa.

Mzee Tsofa aliinuka. "Mama Mercy! Wape wageni soda waburudike. Mimi naingia ndani kuomba juu ya jambo hili. Nikipata jibu nitawaambia."

Mlango wa chumba chake ulirudishiwa taratibu, na nyuma ya mlango wa jikoni Mercy alihisi machozi yakimpanda. Alimjua baba yake. Mzee akiingia kuombea jambo hakutoka nalo siku hiyo. Alipoombwa wafungue duka Likoni aliomba kutoka mvua za masika hadi mvua za vuli, na mwishowe jibu lilikuwa la.

*

Bi. Dama alitokeza sebuleni na uso wa mtu asiyejua lolote.

"Joab, mwanangu, hebu nisaidie. Kreti la soda liko chini, kwenye ngazi za nyuma. Mimi mgongo wangu haubebi."

Joab aliinuka. Alipofika kwenye ngazi za nyuma alikuta kreti, na juu ya kreti amekaa Mercy.

Walitazamana. Mlango wa nyuma ulileta harufu ya viungo kutoka kwa jirani, na mwanga kidogo, na huo mwanga ulimwangukia Joab shavuni. Alikuwa amenyoa vizuri mno, amejikata kidogo chini ya kidevu. Mercy aliliona lile jeraha dogo, na moyo ukamwambia aliguse, na akili ikamwambia kwanza amgombeze.

"Kwa Sabir, Joab? Katika maduka yote ya Mombasa nzima?"

"Nimekosa."

"Hilo nimelisikia. Nataka sababu."

"Sababu haitaibadilisha sukari."

"Ni kwa kuwa nilikwambia wafanyakazi wasijue bado? Ndiyo maana hukutaka kuonekana kwetu?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mercy alimwona akilipima hilo neno, kisha akaliacha.

"Hapana. Si hilo."

"Basi ni nini?"

"Siwezi kusema, Mercy."

"Huwezi!" Alisimama juu ya ngazi, akamzidi urefu. "Nimewakataa wanaume waliotaka duka zaidi yangu. Nikashukuru Mungu kwa kunipa mmoja asiyelitaka. Kumbe halitaki kabisa, hata kilo ya sukari!"

Joab aliinamisha kichwa. Mabega yakamtingishika.

"Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka, nakuona."

"Nacheka kidogo tu. Nisamehe." Aliinua uso, na macho yake hayakuwa na kicheko. "Nisikilize. Nikisema kilichotokea, kuna mtu wangu ataaibika mbele ya wazee, na kuna mtu wenu pia. Sitaki kuanza ukwe kwa kuwachongea watu. Acha mimi niwe mjinga peke yangu. Baba yako amezoea kuwasamehe wajinga?"

"La."

"Basi nitangoja."

"Mpaka lini?"

"Mimi ni karani wa forodha, Mercy. Kungoja ndiyo kazi yangu."

Alikuwa ameongoza watu miaka kadhaa sasa, na alijua wanavyofanya chupa ya mafuta ikianguka ikapasuka: huyu humwonyesha yule, na yule humwonyesha mwingine, mpaka kidole kinamfikia aliye likizo. Huyu hapa alikuwa amesimama mbele ya baba wa msichana anayempenda, katika saa aliyoingoja, akajionyesha mwenyewe, na bado hakutaka kuteremsha kidole. Alinyoosha mkono, akaligusa lile jeraha dogo chini ya kidevu, mara moja tu.

"Linauma?"

"Lilikuwa linauma."

"Umesema kuna mtu wetu."

"Sikusema."

"Umesema, nimekusikia." Alikaza leso kiunoni. "Beba kreti."

"Mercy, unakwenda wapi? Hujaitwa bado."

"Beba kreti, Joab."

*

Aliingia sebuleni na watu wakashtuka. Bibi arusi mtarajiwa huitwa. Hatokezi tu kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

"Dada," alisema Kadenge, "hujaitwa."

"Nimejiita."

Alipita mbele ya kaka wote na wajomba wote wa dunia, kama alivyojisikia, akakaa juu ya mkeka miguuni pa Shangazi Awiti, karibu na mifuko ya kijani.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo asubuhi ulifika kwetu, dukani Makupa?"

Shangazi Awiti alimtazama Joab, aliyekuwa mlangoni na kreti mikononi. Joab alitikisa kichwa kidogo.

"Usimtazame yeye, Shangazi. Nitazame mimi. Sikuulizi kama mke wa mwanao. Nakuuliza kama mwenye duka. Mtu akivuka barabara na sisi tupo, ni lazima nijue tumemkosea nini. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Tafadhali nisaidie."

Shangazi Awiti alivuta pumzi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, wa kwaya, na uongo haukumkaa vizuri.

"Hamkunikosea, mwanangu. Mlikuwa mnaomba."

"Tulikuwa tunaomba?"

"Ndiyo. Joab aliniambia, Shangazi, nunua kwao, na uchague mfuko mzuri wenye jina lao ili mzee afurahi. Nikaenda mapema. Nikakuta mlango umefungwa, na ndani watu wanaimba. Nikasema, heri, hawa ni watu wa Mungu, nitangoja. Wimbo ukaisha, nikashika kikapu changu. Wakaanza mwingine. Huo ninaujua, nikashika sauti ya pili pale pale nje, katika vumbi la malori. Mlinzi wenu alinitazama sana."

Mzee Griffins alikuwa anazitazama ncha za viatu vyake kwa makini.

"Halafu?" aliuliza Mercy.

"Halafu mmoja akaanza kuhubiri."

Watu wote walimgeukia Kadenge. Kadenge alijikuna shingo.

"Alikuwa anahubiri nini?"

"Habari za subira," alisema Shangazi Awiti.

Bi. Dama ndiye aliyeanza, huko huko jikoni. Kilikuwa kicheko cha kujizuia kilichoshindwa kujizuia. Mzee Griffins alifuata, akapaliwa na mate. Mercy aliuma mdomo kwa nguvu zote.

"Msicheke," alisema Shangazi Awiti, naye akitabasamu. "Nilibarikiwa. Lakini goti hili langu halikubarikiwa. Nikakaa kwenye kizingiti, mlinzi akasema hapakaliwi hapo. Nikatazama ng'ambo, mlango uko wazi, na ndani naona kiti. Kweli nilikwenda kukaa tu, mwanangu. Nimekaa, msichana akaniuliza, mama, nikuletee nini hapo hapo ulipo? Nami nikasikia haya kukaa bure kwenye kiti cha watu. Nikasema, sukari."

"Ni maombi mafupi tu," alisema Kadenge. "Tunaomba kabla ya kufungua. Ni utaratibu wa Baba."

"Utaratibu wa nani?"

Mzee Tsofa alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama hapo tangu neno gani. Biblia ilikuwa mkononi, kidole kikiwa ndani yake kushika mahali.

"Wako, Baba," alisema Kadenge kwa sauti ndogo.

"Na mlango mnafunga?"

"Tangu duka liwe kubwa. Wateja walikuwa wanaingia katikati ya maombi, wanatusumbua."

"Wanatusumbua," alirudia Mzee Tsofa.

Alitembea taratibu hadi kiti kilicho kando ya Shangazi Awiti, akakaa. Mercy alimtazama baba yake usoni, akaona kitu ambacho hakuwa amekiona siku nyingi. Mzee alikuwa anaona mbali, nyuma kabisa, mahali ambapo Mercy mwenyewe hakuwa amezaliwa.

"Duka lile la kwanza lilikuwa na mlango ulioliwa na mchwa," alisema. "Haukufungika. Nilipoomba asubuhi niliomba watu wakiniona. Makuli walikuja, matanboi wa malori wakavua kofia, mama wa kuuza mihogo akasimama na karai lake kichwani. Tukisema Amina, mmoja ananunua mkate, mwingine kiberiti. Nusu ya wateja wangu wa kwanza niliwapata kwenye Amina." Alimgeukia Kadenge. "Mimi nilisema muombe, mwanangu. Sikusema mfunge."

"Ndiyo, Baba."

"Jumatatu mlango utakuwa wazi," alisema Mercy. "Maombi yawe mafupi, na mahubiri tuyapeleke kanisani. Na viti viwepo."

"Viti vingapi, Dada?"

"Vya kuyatosha magoti yote ya Makupa."

Shangazi Awiti alipiga makofi. Mzee Tsofa alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada yangu, nisamehe. Nilikuwa ndani hapo namuuliza Mungu kijana huyu ana nini. Naye akaniachia mlango wazi kidogo nisikie jibu." Kisha akamgeukia Joab, ambaye bado alikuwa na kreti mikononi. "Nawe, weka hicho chini, utavunjika mgongo kabla ya harusi. Ulijua haya yote?"

"Shangazi aliniambia tulipokuwa njiani, Mzee."

"Ukanyamaza nikakufokea."

"Hukunifokea sana, Mzee."

"Nilifokea kiasi."

"Kiasi, Mzee. Ndiyo."

Mzee Tsofa alicheka, halafu kicheko kikaisha. Mercy alielewa kwamba sasa ndipo lile jambo lenyewe linakuja.

"Nikwambie ukweli, kijana. Sukari iliniuma, ndiyo. Lakini sukari niliishika tu kwa kuwa ilikuwa karibu. Watu wa bara wakioa huondoka na mke wao. Mimi nikiamka alfajiri nasikia viatu vya huyu vikishuka ngazi kwenda dukani, na hapo najua kwamba nyumba yangu imeamka salama. Sasa umekuja. Nitasikia nini?"

Joab alisogea, akapiga magoti juu ya mkeka, kando ya Mercy lakini bila kumgusa.

"Mzee, mimi nimezaliwa hapa kisiwani, katika nyumba za reli. Kwetu bara tunakwenda Desemba, tunarudi tumeungua pua kama wageni. Sina pa kumpeleka. Na hata ningekuwa napo..." Alimtazama Mercy, na Mercy alihisi joto likimpanda shingoni hadi masikioni. "Binti yako nilimpenda akiwa dukani, amekasirika kwa sababu ya chupa ya chai ambayo si yake. Nikimtoa dukani nitakuwa nimemuoa mtu mwingine. Alfajiri viatu vyake utavisikia. Labda utasikia na vyangu nikimsindikiza, maana Kilindini nami naingia mapema."

Mzee Griffins, aliyekuwa ametayarisha hotuba ndefu sana kuhusu ziwa, aliona haina kazi tena.

Mzee Tsofa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa.

"Mercy."

"Naam, Baba."

"Simama."

Mercy alisimama. Alikuwa ameyawazia maneno haya tangu alipokuwa msichana mdogo, alipomchungulia dada yake mkubwa akiulizwa. Alikuwa amefundishwa namna ya kujibu. Binti mwenye adabu haharakishi. Anaulizwa mara ya kwanza, anatazama chini. Anaulizwa mara ya pili, anacheza na ncha ya leso. Mara ya tatu ndipo anajibu, tena kwa sauti ya kusikika na mama yake tu.

"Watu hawa wameleta sukari na majani," alisema Mzee Tsofa. "Ni ya ng'ambo... ni ya kwa Sabir. Nakuuliza mbele ya Mungu na mbele ya watu. Tu..."

"Tunywe, Baba."

"Mercy!" Sauti ya Bi. Dama ilitoka jikoni kama sufuria iliyoanguka. "Ulitakiwa unyamaze kidogo!"

Nyumba nzima ilipasuka. Kadenge alijitupa nyuma kwenye kochi. Shangazi Awiti alipiga vigelegele, na vigelegele vikatoka dirishani vikashuka Ndia Kuu, na chini barabarani mwanamke asiyejua hata ni vya nini akavijibu. Mercy alifunika uso kwa viganja, lakini kati ya vidole alimwona Joab. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama tu, kama mtu aliyengoja mzigo bandarini siku nyingi na sasa ameambiwa, haya, chukua, ni wako.

Chai ilikuja, ya tangawizi na maziwa mengi, na mahamri, na watu wakanywa. Mzee Tsofa alikoroga yake kwa muda mrefu, akaonja, akatikisa kichwa.

"Ni tamu," alikubali. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia: "Lakini si kama yetu."

Walipomaliza, alimwomba Shangazi Awiti awaombee vijana. Wote walisimama, wakashikana mikono katika duara, na kwa namna fulani, ambayo Bi. Dama alijua jinsi ilivyotokea, mkono wa Joab ulijikuta katika mkono wa Mercy. Ulikuwa mkavu, wa joto. Watu wakafumba macho.

Shangazi Awiti aliomba kama mtu asiye na goti bovu. Aliiombea nyumba, akayaombea maduka, moja moja, akamwombea na Sabir na kiti chake. Akawaombea watoto ambao hawajazaliwa, na watoto wa watoto hao. Mercy aliitikia Amina kila mahali palipostahili, kwa moyo wake wote. Lakini maombi yalipofika kwa wajukuu alishindwa. Alifumbua jicho moja, kidogo tu, amwone mtu aliyepewa.

Joab alikuwa amefumbua yote mawili, anamtazama.

Hakuna aliyeyafumba tena. Wazee walikuwa wameinamisha vichwa na hawakujua lolote. Na Mungu, ambaye yeye hafumbi macho watu wakimwomba, aliwaona wote wawili, akawaacha waendelee.